Maharagwe ya Robo Saa

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Nimekuta gunia zima la karoti linanisubiri, hata viatu vya safari sijavua vizuri nikashikishwa kisu.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Wewe sikio moja limeliwa na msumeno wa mifupa huko bucha, mimi subira sina. Nikipaza sauti unasema nakufokea, nikishusha unasema nakuficha kitu, mwisho mmoja anakata. Barua haina kelele. Isome polepole, halafu uirudie.

Daktari alipokuonyesha ile karatasi ya vipimo ulicheka. Ulicheka, Baba, mpaka watu kwenye benchi wakageuka. Mimi sikucheka. Huu ni mwaka wa kumi na moja napika hospitalini, sahani mia mbili kila mchana, na wanaume wa presha kama wewe nawajua kwa sahani zao. Wiki hii anashika kijiko mwenyewe. Wiki ijayo analishwa. Wiki ya tatu sahani inarudi jikoni haijaguswa, na muuguzi anatuambia tupunguze moja kwenye hesabu. Daktari amesema mafuta yameganda kwenye mishipa yako na nyama nyekundu basi. Hakusema punguza. Alisema basi.

Najua kinachokushinda ni kile kipande cha kwanza. Tangu nikiwa mdogo nakuona: ukishafungua bucha unakata mnofu, unaubandika kwenye makaa pale barazani, unaula wateja wakiwa foleni wanakutazama, ndipo unaanza kuuza. Watu wanasema nyama yako haijawahi kumuumiza mtu kwa sababu mwenyewe unatangulia. Miaka thelathini sasa, kila siku ya Mungu. Nakuomba uache.

Kula maharagwe, dengu, kunde, mboga za majani, boga, karanga kidogo. Hapa jikoni tumeanza siku tatu kwa wiki bila nyama kabisa. Mama wa lishe alitukalisha chini akatuambia si miili tu inayochoka, hata ardhi imechoka. Misitu inafyekwa ng'ombe wapate majani, mito inanywewa mpaka yanabaki matope, na sisi tunaona ni sahani tu. Nikakumbuka kile kilima unakonunulia ng'ombe. Nilipokuwa mdogo kilikuwa na miti, si ndiyo?

Mama alitutoka nikiwa na miaka tisa. Sina mwingine wa kumwamkia. Nataka uwepo, Baba, hilo tu.

Mwanao,
Kijiko


19 Februari

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na shangazi yako alikuwa mlangoni anajifanya anafagia. Sasa mtaa mzima unajua mishipa yangu ina mafuta. Asante sana.

Haya, nikuulize wewe mpishi. Mwuza nyama anayekula majani, wateja watamwonaje? Si watasema nyama yake ina kasoro, mwenyewe ameikimbia? Jana Mshona Viatu, huyu jirani yangu wa barazani, ameniambia, "Mzee, siku usipokula kile kipande, mimi nahamia kwenye samaki." Alikuwa anatania, lakini utani wa mteja una meno.

Na mzoea punda hapandi farasi. Babu yako aliuza nyama, babu yake alichunga. Maharagwe mimi niliyala shuleni, nikaapa siku ya kumaliza kwamba tumeachana kwa amani.

Lakini pale ulipoandika huna mwingine wa kumwamkia, nilikaa chini. Nilikaa juu ya gogo la kukatia nyama, jambo ambalo marehemu mama yako alikuwa halitaki kabisa. Nikakaa hapo mpaka mteja akanigongea meza.

Basi umeshinda. Naahidi. Kuanzia Jumatatu kipande cha kwanza nitampa mwingine, na mimi nitapika hayo mambo yako. Niandikie namna ya kupika. Shangazi yako simwulizi, atanicheka mpaka mwaka kesho.

Baba yako wa bucha


2 Machi

Baba,

Shikamoo! Nimewasomea wenzangu barua yako wakati wa chai wakapiga makofi. Bibi wa Sufuria, mpishi mkubwa kuliko sisi wote, alifuta macho kwa aproni akasingizia vitunguu, na siku hiyo hatukukata kitunguu hata kimoja.

Maharagwe ni rahisi. Yakishaiva, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, weka nyanya, karoti, pilipili hoho kama ipo, halafu uyamimine humo yachemke pamoja mpaka mchuzi uwe mzito. Kuyachemsha sikufundishi, hilo hata mtoto anajua. Kula na mboga za majani pembeni, usiziue kwa moto.

Chungu cha mama bado kipo juu ya kabati. Kitumie.

Niandikie ulivyopika, kila kitu, nami nifurahi. Nimelala vizuri juzi na jana, mara ya kwanza tangu tutoke kwa daktari.

Mwanao,
Kijiko


20 Machi

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Ungeniona! Jumatatu nimetoka bucha njaa inaniuma, nikabandika maji kwenye chungu cha mama yako. Yalipotokota nikamwaga maharagwe makavu, nikavuta kigoda, nikafungua redio. Taarifa ya habari haijaisha yameshaiva. Robo saa tu, mwanangu, yakawa laini kama siagi! Nikakaanga kitunguu na nyanya kama ulivyoagiza. Nililamba mpaka mwiko. Nikasema kumbe miaka yote hii nilikuwa nateseka bure na mifupa.

Kipande cha kwanza siku hizi anakula Mshona Viatu, amenenepa mashavu. Wateja hawajali kabisa. Presha imeshuka, nahisi mwenyewe. Jana nimepanda ngazi za ghala bila kupumzika.

Basi wewe lala, usiwe na wasiwasi tena.

Baba yako wa bucha


3 Aprili

Baba,

Robo saa.

Nilisimama juu ya kreti nikawasomea jiko zima. Nilipofika kwenye siagi, watu wakaangua kicheko mpaka mmoja akaangusha upawa. Nami nikacheka nao, nikidhani umetania. Bibi wa Sufuria peke yake hakucheka. Akaniita pembeni akaniuliza, "Baba yako amewahi kupika maharagwe kweli?"

Maharagwe makavu, Baba, hujayaloweka, robo saa? Yangekung'oa meno. Hukupika. Hata kikombe kimoja hukununua. Na kama hukupika, basi kile kipande bado unakula, na presha haijashuka, na hizo ngazi hukuzipanda.

Ungeniambia tu, "Mwanangu, nimeshindwa." Ningelia, lakini ningekujibu. Wewe ukakaa mezani ukatunga redio, ukatunga kigoda, ukakitia na chungu cha mama humo kwenye uongo wako. Nami nikalala usingizi wiki nzima kama mjinga.

Sikio la kufa halisikii dawa. Haya, kula nyama yako. Ukianguka usinitafute. Mimi siandiki tena.

Kijiko


16 Aprili

Mwanangu,

Hata hukuniamkia. Nimestahili.

Umenikamata, ndiyo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia robo saa. Sikujua. Miaka yote naona maharagwe yanakuja mezani yameiva, sikuwahi kuuliza yametoka wapi.

Ukweli wote huu hapa. Jumatatu ile nilijaribu, hilo halikuwa uongo. Nilikata kipande nikampa Mshona Viatu. Watu wa foleni wakatazamana. Mama mmoja alikuwa ameshafungiwa nyama yake, akairudisha mezani taratibu, akasema amesahau kitu nyumbani anarudi. Hakurudi. Kesho yake nikala, na keshokutwa. Halafu barua yako ikaja unasema umelala vizuri, nikaona nikuandikie kitu cha kukufanya uendelee kulala. Nilidhani ni huruma. Kumbe ni woga.

Sikio langu moja limekufa kweli, lakini hili lingine limesikia. Leo nimenunua maharagwe vikombe viwili. Yako hapa mbele yangu kwenye karatasi. Nayaogopa kuliko fahali.

Nijibu, hata unitukane.

Baba


9 Mei

Mwanangu Kijiko,

Hujajibu. Hasira zako umezirithi kwangu, sina wa kumlaumu.

Nikupe habari. Mara ya kwanza niliyapika tangu adhuhuri mpaka jua linazama, nikasahau kuongeza maji, chungu kikaungua. Nimekisugua kwa mchanga siku tatu, doa halitoki. Mara ya pili yaliiva nusu nikayala hivyo hivyo. Tumbo lilinguruma mpaka Mshona Viatu akaniuliza kama nimefuga paka. Mara ya tatu nilikutana na jiwe, jino la nyuma limekwenda. Kumbe yanachambuliwa! Hukuniambia, au uliniambia nikaruka mstari.

Na wateja nimewaambia. Nilisimama barazani asubuhi nikasema, "Nyama hii ni nzuri, mbovu ni mimi. Daktari amenikataza. Anayetaka anunue, asiyetaka tusichukiane." Wengine wamehamia kwa jirani. Waliobaki wananiuliza na wao wapime wapi. Zamani nilikuwa nachinja ng'ombe wawili kwa wiki, siku hizi mmoja ananitosha.

Nilikwenda kilimani kununua. Ulikuwa umeuliza kuhusu miti, nami kwa miaka yote nilikuwa natazama ng'ombe tu. Safari hii nikatazama kilima. Hakuna mti, mwanangu. Hakuna hata kisiki cha kukalia. Kile kijito tulichokuwa tunanawia mikono ni mstari wa vumbi, na mfugaji ananunua majani kutoka mbali kama mtu anayelisha wageni. Nikamwambia nitachukua mmoja tu. Akanuna. Nikaona aibu kwamba imebidi niugue ndipo nione.

Mkono wa kushoto una usingizi usingizi siku hizi, kikombe kimeniponyoka mara mbili. Ni uzee, nitaukanda kwa maji ya moto.

Shangazi yako anakusalimu. Nimemwambia umebanwa na kazi.

Baba yako


31 Mei

Mwanangu Kijiko,

Mwandiko usikushangaze, kalamu hii ni mbovu.

Nimeweza! Sikiliza. Nimeyachambua kwenye ungo, nimetoa mawe manne. Nimeyaloweka tangu jana jioni, asubuhi yamevimba, ngozi imejikunja kama vidole vya mtu aliyefua nguo nyingi. Maji ya kulowekea nimeyamwaga. Nimebandika maji mapya, povu likapanda, nikaliengua. Chumvi sikuitia mapema. Halafu nikakumbuka kitu, sijui kilikuwa kimejificha wapi miaka hii yote. Mama yako alikuwa anachota maharagwe machache kwenye kijiko, anayapuliza. Ngozi ikipasuka, yameiva. Na wewe ulikuwa unasimama pale chini ukisubiri ulambe kijiko, ndiyo maana uliitwa Kijiko. Nikachota, nikapuliza. Ngozi ikapasuka.

Nililia, si kidogo. Mtu mzima na kijiko.

Leo saa ya kile kipande nilitoka barazani na sahani yangu ya maharagwe na mboga, nikala mbele ya foleni nzima. Mshona Viatu akadokoa, akadokoa tena, nikamfukuza.

Sasa nina swali moja. Yamechukua masaa mawili na nusu. Nimetazama saa ya ukutani kuanza na kumaliza. Ni sawa, au nimekosea tena? Sikuombi barua. Niandikie neno moja tu, sawa au si sawa. Nataka kujua kwako wewe, si kwa mwingine.

Baba yako


7 Juni

Mwanangu,

Baba yako ameanguka leo asubuhi jikoni kwake. Nilisikia kishindo nikakimbia. Mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kushoto havina kazi, maneno hayatoki. Tumemlaza zahanati. Yuko hai.

Simu yako inaita tu, najua huko jikoni mnazifungia kabatini. Nimeacha ujumbe kwa mlinzi wenu, na barua hii nampa dereva wa lori anayeondoka sasa hivi, angalau kimoja kikufikie.

Sijui mmegombea nini. Ananiambia umebanwa na kazi, lakini mimi si mtoto. Kila likija lori la mizigo anatoka na damu mikononi kuuliza kama kuna barua yake.

Njoo, mwanangu. Usikae kupanga nguo.

Shangazi yako


2 Julai

Baba,

Shikamoo.

Najua hakuna wa kuipokea hii. Wiki tatu zimepita tangu tukuzike. Nitaiandika tu, kwa sababu nina majibu yako na yamechelewa.

Kwanza nikiri langu. Barua zako tatu sikuzifungua. Ya kwanza ilipofika nilisema ni uongo mwingine, nikaisukuma nyuma ya kopo la chumvi mpaka hasira zitulie. Hasira hazikutulia. Ya pili nikaiweka juu yake, na ya tatu. Kila nikichota chumvi nilikuwa naziona. Nilijiambia nakupa adabu. Wewe baba yangu, mimi nakupa adabu!

Nilipofika zahanati ulinitambua. Jicho la kulia lilinitambua. Nilikushika mkono nikakuamkia, midomo ikahangaika kuitikia, ikashindwa. Halafu ukainua mkono wa kulia. Ukanyoosha vidole viwili, na cha tatu ukakikunja nusu. Ukanitazama unasubiri.

Sikuelewa. Nikakuletea mto wa pili, ukautikisia kichwa. Nikadhani unataka maji, nikakunywesha vijiko viwili. Shangazi akasema unahesabu ng'ombe, akili imerudi bucha. Muuguzi akasema wagonjwa wa hivi vidole hucheza vyenyewe, tusikusumbue. Ukainua tena. Viwili, na nusu. Siku mbili mfululizo, Baba, kila nilipoinama juu yako. Mara ya mwisho nilivikunja vile vidole kwa mkono wangu mwenyewe, nikavirudisha chini ya shuka, nikakuambia, "Pumzika, Baba, tutaongea ukipona." Uligeuza uso ukutani. Alfajiri ukaondoka.

Daktari aliniambia chakula ulichokuwa unakula kilikuwa kinakusaidia, ulichelewa tu. Aliniambia pia kwamba ganzi ya mkono ilikuwa onyo, wiki nyingi kabla, na kama kuna mtu angekuleta mapema mambo yangekuwa mengine. Akauliza, "Hakumwambia mtu yeyote?" Nikajibu hakumwambia mtu. Nilimwambia hivyo nikiamini ni kweli.

Uliniambia mimi. Ilikuwa nyuma ya kopo la chumvi. Mkono wenye usingizi, kikombe kinaponyoka. Miaka kumi na moja hospitalini, Baba, ningeusoma mstari ule nisingemaliza ukurasa, ningekuja na aproni yangu hivyo hivyo. Nilikuandikia sikio la kufa halisikii dawa. Lililokuwa limekufa ni langu.

Siku ya msiba shangazi alitoa maharagwe uliyokuwa umeyaloweka kwa ajili ya asubuhi ile uliyoanguka. Alikuwa ameyamwaga maji na kuyaanika juani, hakuwa na moyo wa kuyatupa. Akayapika kwenye chungu chako chenye doa, tukayala pamoja na waombolezaji. Mshona Viatu alikula sahani yake amesimama, hataki kukaa, akawa anawaambia watu, "Huyu mzee alianza kula haya mbele yetu ili sisi tusione aibu." Mimi nilikula bila kuuliza chochote. Nilikuwa sijajua bado.

Niliporudi kazini nilifungua barua zote tatu pale pale kwenye rafu, nimesimama. Nilipofika mwisho wa ile ya tatu nikashikilia rafu. Bibi wa Sufuria akanishika, akanitoa karatasi mkononi, akasoma. Akaninyooshea vidole viwili, na cha tatu akakikunja, kwa sababu nilikuwa nimemhadithia.

Leo ni siku yetu ya bila nyama. Jana jioni niliyachambua maharagwe mwenyewe nikayaloweka, sikumpa mtu. Asubuhi nikamwaga maji, nikaengua povu, chumvi sikutia mapema. Nikatazama saa ya ukutani kuanza na kumaliza. Nikachota kwenye kijiko, nikapuliza, ngozi ikapasuka.

Ni sawa, Baba. Masaa mawili na nusu. Hukukosea.

Mwanao,
Kijiko